Shimo la Bolti ya Saba

Jumatatu, 4 Machi

Pikapu ya Shangazi imerudi. Imerudi kwa kamba, inavutwa na lori la mchanga, na nyuma ya usukani kakaa dereva wake, Taratibu, na uso wa mtu anayesindikiza maiti. Siku sita tu tangu itoke gereji kwetu. Siku sita!

Nilijua kabla sijafungua boneti. Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Daftari la zamani la kazi, nimeligeuza kichwa chini, naanzia nyuma.

Nilijua tangu Jumanne iliyopita. Nilikuwa narudisha silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, baada ya kubadilisha gasketi. Bloku, mwili wenyewe wa injini, nilikuwa nimeiosha, inang'aa, mtu angeweza kujitazama. Umeme ukakatika, kompresa ikanyamaza. Sasa sheria ya Baba naijua tangu niko shule ya msingi: kila shimo la bolti lipulizwe upepo, kisha liingizwe waya wenye kitambaa, na kitambaa kitoke kikavu. Mashimo kumi, vitambaa kumi. Si urembo. Shimo lile limezibwa chini. Maji yakibaki humo, bolti ikishuka yanakosa pa kwenda, yanasukuma kuta, na chuma cha kumimina hakijui kunyumbuka. Kinapasuka. Haya nimewafundisha watu mimi mwenyewe, tena kwa sauti ya kujidai.

Sikupuliza. Nilipitisha kitambaa juu juu nikasema yatakauka yenyewe. Shangazi alishapiga simu mara tatu, mikate yake inangoja gari, hospitali inangoja mikate. Baba akakaza mkupuo wa kwanza, ule mwepesi, mpaka kifundo cha mkono kikaanza kumuuma. Akaniachia spana ya kipimo akaenda kukaa. Mkupuo wa mwisho nikakaza mimi. Bolti ya saba ikawa ngumu mapema mno. Nikaongeza nguvu. Ikalia — tik. Sauti ndogo tu, njiti ya kiberiti inapovunjika.

Nikatulia. Nikamtazama Baba. Alikuwa anahangaika na redio yake. Nikahamia bolti ya nane.

Leo basi. Maji yametiririka ubavuni mwa injini na kuacha mchirizi. Oili imechanganyika na maji, imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Haikupita muda Shangazi akaingia, aproni bado ina unga, na swali lake moja: nani kaliua gari langu?

Ningependa kuandika kwamba ulimi uliteleza. Haukuteleza. Ulitembea kwa miguu yake. Nikasema injini imechemka, huo ni ufa wa joto, mtu kaendesha bila kutazama maji.

Mtu! Kana kwamba wako kumi. Gari lile linaendeshwa na mtu mmoja, mwaka wa tisa huu, na alikuwa amesimama pale pale na kofia mkononi. Tunamwita Taratibu kwa sababu hata baiskeli humpita. Injini ya kuchemka kwa mwendo ule ingebidi ipelekwe jikoni.

Aliitazama kofia yake tu.


Jumanne, 5 Machi

Nimefungua hedi mapema, kabla Baba hajafika. Gasketi nzima kabisa. Nikamulika tochi shimo la saba: ufa. Unaanzia kwenye nyuzi za shimo, unateremka, unatokea ubavuni kwenye njia ya maji. Urefu wa kidole changu cha kati.

Nikaupaka grisi. Naona haya hata kuandika. Mwanamke wa miaka thelathini na minne, fundi, nimefunika ufa kwa grisi kama mtoto aliyekojoa akafunika godoro kwa shuka.

Baba akaja na miwani yake ya kufungwa waya. Akapapasa pembeni, akapapasa silinda zote nne. Akasema bloku hii nzima, silinda hazina hata mkwaruzo, ufa wenyewe ni wa kushona kwa pini za chuma. Nikaruka juu. Nikasema hapana Baba, tuitupe, tutafute bloku nyingine. Nikatoa sababu tano, zote nzuri, ningeweza kusimama nazo mbele ya darasa. Chuma kilichoshonwa hakina dhamana. Kazi ya kushona inachukua siku nyingi. Injini yenyewe imezeeka. Mteja ni ndugu, tumpe kitu kipya. Na dereva ni yule yule, ataichemsha tena.

Nilisema hata hilo la mwisho.

Baba akaniangalia juu ya miwani. "Si wewe uliyegombana na mtu juzi asitupe pampu ya maji iliyotoboka? Leo bloku nzima unaitupa?"

Nikamwambia nimekua.

Sababu ya sita sikuitoa. Bloku ikibadilishwa, hii ya zamani inakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Inayeyushwa, inakuwa masufuria. Hakuna anayeuliza sufuria ilipasukia wapi. Lakini ikishonwa itapelekwa kwa Mshonaji, yule mzee anayeziba nyufa za vyuma, na Mshonaji ana macho.


Jumatano, 6 Machi

Taratibu kaja. Kwa miguu. Shangazi kamwambia akae nyumbani kwanza.

Nilidhani amekuja kunisuta na nilishajiandaa, nimevaa uso wa kazi. Kumbe amekuja kuomba radhi! Kwangu mimi! Akasimama mlangoni, hataki hata kukaa, akasema: "Dada fundi, nisamehe. Umefanya kazi yako vizuri, mimi nikaja kuiharibu."

Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Ijumaa maji alitazama. Jumamosi alitazama. Jumapili asubuhi — hapo hakumbuki. Mtoto aliamka na homa, alitoka nyumbani mbio. "Nimejaribu kukumbuka siku mbili hizi. Sioni picha yangu nikifungua boneti. Basi itakuwa ni Jumapili."

Itakuwa ni Jumapili! Nimempa kosa, naye kaenda kulitafutia siku ya kulitundika.

Nikasema nini? Nikasema, "Ndiyo hivyo, hutokea." Na bado hayajaisha. Akaniomba nimwonyeshe ile alama ya joto kwenye dashibodi inavyopanda, na dalili nyingine, ili akipata kazi kwingine asirudie. Nikamwonyesha. Nilikaa naye kwenye kiti cha mbele cha lile gari lisilo na injini, nikamfundisha, robo saa nzima, na mifano. Akanishukuru. Aliondoka akirudia maneno yangu kwa sauti ndogo asiyasahau.




Ijumaa, 8 Machi

Jana nilizunguka kwenye yadi za vyuma tangu asubuhi. Nimepata bloku ya aina ile ile, safi, kutoka gari lililogongwa nyuma. Nilifurahi mno. Nilimpigia Shangazi simu nikiwa bado nimeishika, kana kwamba itanikimbia.

Leo kaja gereji mwenyewe. Nikapanga maneno. Kanikata katikati.

"Mwanangu, nambari ya injini iko kwenye kadi ya gari. Nambari imepigwa kwenye bloku. Nikibadilisha bloku ndio nianze: barua, ukaguzi, njoo kesho, njoo keshokutwa, mhusika hayupo. Mimi naoka mikate. Sioki foleni. Baba yako anasema inashoneka?"

Baba akasema inashoneka.

"Basi ishonwe."

Nikasema Shangazi, chuma cha kushona si cha kuamini. Akaniuliza je, Mshonaji si ndiye aliyeshona mashine yake ya kukandia unga, na si inafanya kazi mwaka wa sita?

Nikadhani yameishia hapo. Lakini Shangazi ni mtu wa haki, na haki yake ndiyo inayonimaliza. Akasema huyo Mshonaji aandike pia kwenye karatasi kitu kilichoipasua bloku. "Taratibu kanifanyia kazi miaka tisa. Simfukuzi mtu kwa neno la ndugu yangu tu, akaenda kusema nimemwonea. Fundi wa pili aandike. Alhamisi tukutane hapa wote, tuisome mbele yake, tumalize."

Baba akatikisa kichwa kukubali. Na mimi nikatikisa changu.


Jumamosi, 9 Machi

Nimeipeleka bloku. Niliikosha kwanza, grisi yote ikatoka. Ningeiacha, lakini Mshonaji angeniuliza tangu lini injini inapakwa grisi kwa nje.

Kibanda chake kina kibao ambacho nusu ya maneno imefutika, limebaki neno "Mshonaji" peke yake. Watu wanamletea suruali za kupunguza. Leo nimemkuta mama mmoja kashika gauni, anabishana naye kwamba kama hashoni aondoe kibao. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

Ni mzee mfupi, mkimya, ana mikono ya mtu mkubwa kuliko yeye. Akaiinua bloku upande mmoja, akaigeuza kwenye mwanga. Hakutazama ufa kwanza. Alitazama mashimo ya bolti, moja moja, mpaka la kumi.

Akauliza, "Nani alikaza hedi?"

"Mimi na Baba."

Ndivyo nilivyojibu. Si uongo. Baba alikaza mkupuo wa kwanza. Lakini swali lilihitaji jina moja, na mimi nimeongeza la pili ili langu lisionekane vizuri. Nimetembea nalo njia nzima ya kurudi. "Na Baba." Kulikuwa na haja gani?


Jumatatu, 11 Machi

Mshonaji kaniita. Amesema nije peke yangu.

Bloku ilikuwa mezani, kavu, safi. Akapulizia ile rangi yake nyekundu ya kutafutia nyufa, akangoja, akaifuta yote kwa kitambaa, kisha akapulizia unga mweupe juu. Tukasimama tunatazama. Kidogo kidogo wekundu ukaanza kuchungulia kwenye weupe. Ukaanzia shimo la saba, ukashuka, ukapinda, ukasimama. Hakuna kwingine. Bloku nzima nyeupe, na ule mstari mmoja.

Akaninyooshea kidole kati ya silinda na silinda. "Joto hupasua hapa. Na hapa. Umeona kitu?"

Nikasema sioni.

"Hapa bolti inapokaa, joto halina ugomvi napo." Akaingiza waya wenye kitambaa kwenye shimo la saba, akautoa, akautazama, akauweka mezani mbele yangu. Ulikuwa mkavu. "Hili shimo lilikuwa na maji siku ile."

Hakuuliza. Akaanza kupanga pini zake za kushonea, za chuma, kila moja ina nyuzi, ataziingiza moja ikiuma nyingine mpaka ufa wote uzibwe. Anafanya kazi vizuri sana. Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyeambiwa abaki darasani.

Nilipoaga akasema bila kuinua uso: "Alhamisi shangazi yako anataka karatasi. Nitaandika nilichokiona. Aliyekaza simwandiki, sikuwepo. Mimi nashona chuma tu, hayo mengine ni yenu."

Kwa hiyo nina Jumanne na Jumatano.


Jumanne, 12 Machi

Nimetaka kumwambia Baba wakati wa chai. Nimeweka kikombe chini. Nimesema, "Baba." Akasema, "Naam." Nikasema chai haina sukari.

Ilikuwa na sukari.


Jumatano, 13 Machi

Bado.


Alhamisi, 14 Machi

Niandike taratibu nisiruke kitu.

Walikuja saa nne. Shangazi kakaa kwenye benchi la wateja, Baba kwenye kiti chake cha tairi, Taratibu kagoma kukaa. Kavaa shati la kupigwa pasi, la mtu anayekwenda kusikiliza hukumu. Mshonaji hakuja, alituma karatasi imekunjwa mara nne.

Shangazi kafungua, akajipapasa kifuani, miwani kaiacha kwenye duka la mikate. Akamnyooshea Taratibu. "Soma wewe. Ni habari yako."

Akasoma. Anasoma jinsi anavyoendesha. "Ufa... umeanzia... kwenye shimo la bolti... namba saba. Hakuna... dalili ya joto... mahali popote. Sababu... ni maji au mafuta... yaliyobaki shimoni... wakati wa kukaza."

Akarudi juu akaisoma tena, yote, kwa mwendo ule ule. Hakuelewa! Alikuwa anaisoma kama karatasi ya kumfukuza na hakuona kwamba inamwachilia. Ilibidi Shangazi amwambie: "Wee Taratibu, hawajakutaja. Si wewe." Ndipo akaishusha ile karatasi, akauliza, "Kwa hiyo Jumapili nilitazama maji?"

Shangazi akageuka kwetu. Pole pole. Mimi nikafungua mdomo. Naapa nilifungua. Hewa ilishaingia, neno la kwanza lilikuwa "Shangazi".

Baba akasema, "Ni mimi."

Alisema akiwa ameketi. Akainua mkono wa kulia, ule wa kifundo kibovu, akauonyesha. "Nilikaza kwa mkono huu. Siku hizi macho hayaingii ndani ya shimo. Binti yangu aliniamini, akasema ni joto kwa sababu hakuwaza kwamba ni mimi. Taratibu, nisamehe. Dada, nisamehe."

Nikasema, "Baba, usiseme hivyo."

Basi! Maneno matatu. Ningeongeza mawili tu yangetosha. Shangazi akanishika bega, akadhani namfariji baba yangu. Taratibu akainama akamshika Baba mikono yote miwili, pole Mzee, pole sana, ni binadamu. Na mimi nikasimama katikati yao nikaonekana mtoto mwema.

Shangazi kalia kidogo. Kasema Kaka, umechoka, miaka arobaini chini ya magari ya watu, pumzika sasa. Baba akafungua funguo za gereji kiunoni, akaziweka juu ya meza ya vifaa mbele yangu. Akasema kuanzia leo bosi ni huyu.

Sikuzigusa. Lakini walipoondoka zilikuwa bado pale, na mtu lazima afunge milango. Nikafunga.

Anajua? Hilo ndilo linanizungusha kichwa. Alisikia ile tik siku ile akanyamaza, na leo amejitwika ili nisiaibike? Au kweli anaamini ni yeye?


Ijumaa, 15 Machi

Baba kaja kazini kama kawaida ila kavaa shati jeupe. Kakaa nje kwenye kiti. Mikono yake ni safi. Sijawahi kuiona safi siku ya kazi tangu nizaliwe, hata kucha. Lazima aliisugua sana. Sikuweza kuitazama.

Habari imeshatembea. Saa tatu kaja mwalimu mstaafu, mteja wetu tangu sijaanza shule, breki zake Baba alizitengeneza mwezi uliopita. Akampita Baba kwa salamu ndefu na nzuri, akaja kwangu ndani, akaninong'oneza kama ninaweza kuzifungua tena nikague. "Si kwamba namdharau mzee, unajua tena." Alinong'ona kama watu wa masikio mazito wanavyonong'ona. Baba alisikia. Nilimwona akirekebisha redio ambayo haikuwa na tatizo.

Nilizifungua. Zimefungwa vizuri kuliko ninavyofunga mimi.

Kisha Taratibu, kwa pikapu ya kukodi, kaleta mikate miwili ya moto, mmoja wangu mmoja wa Baba. Karudishwa kazini. Kanishukuru! Eti bila mimi kuipeleka bloku kwa Mshonaji ukweli usingejulikana. Nikaipokea mikate. Nimeipokea, nikasema asante.

Mchana nikakata shauri. Nikakaa karibu na Baba, nikauliza kwa upande: "Baba, ile bolti ya saba unaikumbuka?"

Akafikiri muda mrefu. "Nakumbuka nilikaza. Najiona nimeshika spana." Akanigeukia, na macho yake hayakuwa na ujanja wowote. "Si nilikaza mimi?"

Alikuwa anauliza. Hakuwa ananificha wala kunitega. Alitaka nimwambie.

Akaingia mtu na pancha. Nikainuka kwenda kumhudumia mtu wa pancha, mbio, kama nimeokolewa.

Nimewafanya watu wawili wasiamini vichwa vyao wenyewe. Mmoja alitafuta Jumapili aliyokosea, mwingine anajiona na spana ambayo ilikuwa mkononi mwangu. Hilo si kosa la maji shimoni. Maji yalikuwa bahati mbaya na uvivu. Hili nimelifanya kwa akili timamu, siku kumi na moja sasa, kila siku upya.


Jumamosi, 16 Machi

Bloku imerudi. Mshono safi, ukipitisha kidole huusikii, unaona tu vidoa vya pini vilivyosagwa vikafuatana. Shimo la saba kalitia bushi mpya, kipete cha chuma chenye nyuzi ndani. Tumejaza maji na kuipima kwa shinikizo, haikutoa hata jasho. Itamaliza miaka mingine ishirini. Nilitaka kuitupa hii!

Nimefunga kranki na pistoni. Nikamwomba Baba aje apime beringi pamoja nami, tumezoea kupima wawili, mmoja anasoma mwingine anasoma tena. Akafika mpaka kizingitini. Akasimama na ile mikono yake safi nyuma ya mgongo.

"Pima tu, mama. Nisije nikaharibu tena."

Huniita mama tangu utotoni, anapokuwa na huruma na mimi. Nimepima peke yangu. Nimepima mara nne kila moja kwa sababu siamini jicho langu, na sina haki ya kuliamini.


Jumatatu, 18 Machi

Leo ni hedi. Umeme upo, kompresa inanguruma tangu asubuhi.

Taratibu kaja kunisaidia kuinua, maana hedi ni nzito na Shangazi anataka gari lake kesho. Kavua shati, kalitundika kwenye msumari. Nikaanza na mashimo. Upepo, waya, kitambaa. Upepo, waya, kitambaa. Vitambaa nikavipanga mezani kwa mstari, kumi, vyote vikavu.

Akaniuliza vitambaa vya nini. Nikamweleza. Ni somo rahisi, hata dakika mbili hazikwisha. Akaangalia mashimo, akaangalia vitambaa, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Kumbe Mzee alisahau hiki tu? Masikini."

Nikasema, "Hakusahau."

Akanitazama.

"Kusafisha mashimo haikuwa kazi yake," nikasema. "Haijawahi kuwa kazi yake, tangu nilipojua kushika waya."

Taratibu ni mwepesi wa kuelewa kuliko tunavyomchukulia. Alichukua kitambaa kimoja, akakikunja, akakikunjua. Kisha akauliza, kwa upole ambao nilitamani asiwe nao: "Ilikuwa ya nani?"

Nikamwambia ngoja. Usiondoke, kaa hapo kwenye ndoo. Nikilisema mara mbili, mara ya pili nitalipunguza. Najijua. Nitaongeza umeme uliokatika na simu za Shangazi, mpaka kosa liwe dogo la kutia mfukoni. Nataka kulisema mara moja na mlisikie wote wawili, wewe na Baba. Shangazi nitamfuata jioni dukani kwake, mbele ya wateja wake kama watakuwepo.

Kakaa kwenye ndoo. Ananitazama naandika na hajauliza naandika nini. Sijui kama bado ni rafiki yangu. Sina haki ya kumuuliza. Kalamu inateleza, mkono una mafuta.

Nimeshamwita Baba. Nimesema kwa sauti kubwa, kabla sijabadili mawazo, "Baba, njoo hapa kwenye injini!" Yuko nje anamalizia mazungumzo na jirani wa matairi. Ameitika. Nasikia kiti kikilalamika. Nasikia anamwambia jirani, na anataka nisikie, "Unaona? Bado wananihitaji."

Anaingia sasa. Anatembea haraka kuliko wiki yote hii, na anakunja mikono ya lile shati jeupe, wa kulia, halafu wa kushoto, mpaka juu ya kiwiko, huku anacheka —